Je, manowari zitamlinda mwanangu baharini?

“Mwanangu wa kwanza alihitimu mafunzo ya ubaharia Dar es Salaam, na sasa wakala amempatia kazi katika meli ya shehena iliyosajiliwa Liberia, ambayo mwenyewe ni kampuni ya Ugiriki. Ameambiwa safari zao zitakuwa kati ya India, Bahari ya Shamu na Mediterania, na huenda wakaingia pia Ghuba ya Uajemi. Mama yake hapati usingizi. Mimi nimewaambia wasihofu, kwa kuwa mataifa makubwa yametuma manowari kusindikiza meli, na Liberia haina ugomvi na mtu. Lakini rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi bandarini anasema manowari hizo hazilindi kila meli, na kwamba zipo meli zilizozamishwa huku manowari zikiwa katika bahari hiyo hiyo. Nani kati yetu amekosea? Je, Umoja wa Mataifa hauwezi kuamuru njia hiyo iachwe wazi? Na kijana akifika huko akaona hatari, anaweza kukataa kuendelea bila kupoteza kazi?”

Shikamoo, mzee wangu. Nikikujibu bila kuzunguka, rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa nawe hukukosea kumtuliza mama wa kijana, kwa sababu meli nyingi zilizopita katika bahari hizo wakati wa vita zilifika salama. Lililonishtua katika barua yako ni sababu ulizompa. Umeweka matumaini yako juu ya nguzo tatu, yaani manowari, bendera isiyo na ugomvi, na amri ya Umoja wa Mataifa, na hakuna hata moja kati ya hizo inayofanya kazi kwa namna unavyodhani. Nitaanza na bendera, kwa kuwa ndiyo inayoamua nani atakuja kukusaidia.

Kwa sheria ya bahari, meli ni ya nchi ambayo bendera yake inapepea juu yake, si ya nchi ya tajiri aliyeinunua wala ya mabaharia wanaoiendesha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unataka kila meli isafiri chini ya bendera ya nchi moja tu, na nchi hiyo ndiyo yenye haki ya kwanza ya kuitetea ikishambuliwa. Sasa itazame meli ya mwanao. Bendera ni ya Liberia, nchi ambayo sajili yake ya meli ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani na huendeshwa na kampuni yenye ofisi zake jimbo la Virginia, Marekani, lakini ambayo haina manowari ya kuifikisha Bahari ya Shamu. Tajiri ni Mgiriki. Mabaharia wenzake yamkini ni Wafilipino na Wahindi. Shehena inaweza kuwa ya mfanyabiashara wa nchi ya tano. Meli hiyo ikipigwa, kila mmoja wa hawa ana hasara, na hakuna hata mmoja mwenye wajibu wa moja kwa moja wa kupeleka manowari. Sisemi kwamba usajili wa namna hiyo ni mbaya, maana biashara ya dunia inautegemea kila siku. Nasema kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya kodi na gharama, haukutengenezwa kwa ajili ya vita. Hata kwetu tumewahi kuona jinsi bendera inavyoweza kuwa jambo la kidiplomasia: mwaka 2012 Tanzania ilijikuta ikibanwa na Marekani kwa sababu meli za mafuta za Iran zilikuwa zimesajiliwa Zanzibar kupitia wakala aliyeko Dubai, ikalazimika kuzifutia usajili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Kuwait wakati wa vita vya Iran na Iraq, vilivyoanza Septemba 1980. Kuanzia mwaka 1984 mashambulizi dhidi ya meli yalipamba moto. Iraq ilizipiga meli zilizokwenda kuchukua mafuta ya Iran katika kisiwa cha Kharg. Iran haikuwa na meli za Iraq za kulipizia, kwa kuwa Iraq ilikuwa ikisafirisha mafuta yake kwa mabomba kupitia nchi jirani, kwa hiyo ikazigeukia meli za nchi zilizokuwa zikiisaidia Iraq kwa fedha, Kuwait ikiwa mstari wa mbele. Kuwait haikuwa vitani. Haikuwa na ugomvi rasmi na mtu, kama unavyosema kuhusu Liberia, na bado meli zake zikapigwa.

Viongozi wa Kuwait walicheza karata yao vizuri: waliomba ulinzi Washington na Moscow kwa wakati mmoja. Wasovieti wakakubali kuwakodisha meli tatu za mafuta. Wamarekani, ambao hawakutaka kabisa kuwaona Wasovieti wakijijenga katika Ghuba, wakakubali mwaka 1987 kuzisajili meli 11 za Kuwait chini ya bendera yao. Meli iliyoitwa al-Rekkah ikapewa jina jipya, Bridgeton, ikawekewa nahodha Mmarekani, na kwa karatasi hizo tu ikageuka kuwa meli ambayo kuishambulia ni kuishambulia Marekani. Shehena haikubadilika, wala njia, wala mwenye mali.

Msafara wa kwanza uliingia Ghuba Julai 1987. Tarehe 24 ya mwezi huo, karibu na kisiwa cha Farsi, Bridgeton iligonga bomu lililotegwa majini. Meli hiyo, yenye uwezo wa kubeba takriban tani 400,000, haikuzama. Ilitoboka, ikapunguza mwendo, ikaendelea na safari hadi Kuwait. Waliobaki na kazi ya kufikiri ni wasindikizaji. Manowari zao zilikuwa na ubavu mwembamba ambao bomu kama lile lingeupasua, na Marekani haikuwa imeleta meli za kusafisha mabomu katika msafara huo, kwa hiyo wakajipanga nyuma ya Bridgeton, ili kama kuna bomu jingine njiani, meli ya mafuta iligonge kwanza. Walioletwa kulinda wakawa wanafuata mkia wa waliyekuja kumlinda. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu tukio hilo kabla ya kuwafundisha jambo lolote lingine kuhusu misafara ya baharini, kwa sababu linaonyesha kuwa manowari hulinda dhidi ya hatari ambayo zimetengenezwa kuikabili, na si dhidi ya kila hatari. Mabomu yaliyotumika Ghuba yalikuwa ya muundo uliobuniwa Urusi mwaka 1908.

Angalia pia yaliyofuata, maana hapa ndipo gharama ya ulinzi inapoonekana. Miezi miwili kabla ya msafara ule, tarehe 17 Mei 1987, ndege ya Iraq, nchi ambayo Marekani haikuwa na vita nayo, ilikuwa tayari imeipiga manowari USS Stark kwa makombora mawili na kuwaua mabaharia 37. Iraq ikasema ni kwa bahati mbaya. Aprili 1988 manowari nyingine, USS Samuel B. Roberts, ikagonga bomu, na siku nne baadaye Marekani ikaishambulia Iran baharini kwa siku nzima, ikazamisha meli zake na kuharibu majukwaa yake mawili ya mafuta. Tarehe 3 Julai 1988 manowari USS Vincennes ikaidungua ndege ya abiria ya Iran, ikidhani ni ndege ya kivita, na watu 290 wakafa. Aliyekuja kusindikiza meli alikuwa ameshaingia vitani bila kutangaza vita.

Na meli zisizokuwa na bendera ya Marekani? Kwa karibu mwaka mzima, hazikuhusika. Manowari za Marekani zilikuwa na amri ya kulinda meli za bendera yao tu, na meli ya Liberia au ya Cyprus iliyoshambuliwa jirani iliachwa ijitegemee. Ni mwishoni mwa Aprili 1988 tu ndipo Washington ilipotangaza kwamba manowari zake zinaweza kuzisaidia meli nyingine za nchi rafiki zisizo vitani, zikiomba msaada. Hadi vita vinaisha, mabaharia wa kiraia zaidi ya 400 walikuwa wamefariki. Mashambulizi yalikoma Agosti 1988 kwa sababu Iran ilikuwa imelikubali Azimio namba 598 la Baraza la Usalama na vita vyenyewe vikakoma, ingawa ni haki kusema kwamba shinikizo la baharini lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoichosha.

Sasa tuje Bahari ya Shamu, ambako mwanao ndiko atakakopita. Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, waliiteka meli ya Galaxy Leader tarehe 19 Novemba 2023 pamoja na mabaharia wake 25, wakiunganisha vitendo vyao na vita vya Gaza, kisha wakaanza kurusha makombora na droni. Mwezi mmoja baadaye Marekani ikatangaza muungano wa kulinda meli, uliozitaja nchi kumi, jirani zetu wa Shelisheli wakiwemo. Kuanzia tarehe 12 Januari 2024 Marekani na Uingereza zikawa zinayapiga maeneo ya Wahouthi ndani ya Yemen. Umoja wa Ulaya ukaona hiyo si njia yake, ukaanzisha operesheni yake tofauti, Aspides, tarehe 19 Februari 2024, yenye ruhusa ya kuzuia mashambulizi baharini lakini si ya kupiga nchi kavu. Kwa hiyo unaposikia “manowari zimetumwa”, uliza kwanza zimetumwa na nani na zimepewa ruhusa gani.

Pia kuna tofauti kubwa kati ya doria na kusindikiza. Askari anayezunguka soko usiku kucha anapunguza wizi, lakini si sawa na askari anayekusindikiza hadi mlangoni kwako. Manowari nyingi zilikuwa zikifanya kazi ya kwanza. Aspides ndiyo iliyosindikiza meli moja moja kwa maombi, na kwa vipindi virefu ilikuwa na manowari chache tu zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, katika bahari yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,000. Meli iliyoomba ilipangiwa siku yake, ikasubiri. Nyingine hazikuomba, ama kwa haraka ya biashara, ama kwa kuwa matajiri wao waliona hawahusiki.

Hata manowari iliyo karibu ina mipaka yake. Mlango Bahari wa Bab el-Mandeb una upana wa kilomita 30 hivi, na kombora linalorushwa kutoka milimani mwa Yemen halitoi muda wa mashauriano. Januari 2024 kombora moja liliikaribia manowari USS Gravely hadi umbali wa takriban maili moja kabla ya kudunguliwa na bunduki ya mwisho kabisa ya meli hiyo, ile inayofyatua yenyewe kwa sababu binadamu hawezi kuwahi. Mbali na muda, kuna hesabu ya fedha: droni iliyogharimu maelfu ya dola mara nyingi hudunguliwa kwa kombora la zaidi ya dola milioni moja, na manowari iliyomaliza makombora yake lazima iende bandarini kupakia mengine. Anayerusha anaweza kukosea mara hamsini. Anayelinda hatakiwi kukosea hata mara moja. Kati ya Novemba 2023 na Julai 2025, meli zaidi ya 100 za kibiashara zilishambuliwa na meli 4 zikazama: Rubymar iliyokuwa na mbolea, Tutor, Magic Seas na Eternity C.

Hiyo Eternity C naomba uishike vizuri, kwa sababu inafanana mno na meli ya mwanao: bendera ya Liberia, uendeshaji wa Kigiriki. Mei 2025 Oman ilisuluhisha makubaliano kati ya Marekani na Wahouthi, na wengi wakadhani njia imefunguka. Makubaliano hayo, hata hivyo, yalihusu meli za Marekani. Julai, Magic Seas na Eternity C zikashambuliwa siku moja baada ya nyingine, zote zikazama, na baadhi ya mabaharia wa Eternity C wakapoteza maisha. Hazikuwa na manowari ya kuzisindikiza. Sababu waliyoitoa Wahouthi haikuwa bendera. Ilikuwa kwamba kampuni zenye meli hizo zilikuwa zikipeleka meli katika bandari za Israel. Maana yake ni kwamba meli ya mwanao inaweza kuwa haijawahi kukanyaga bandari yoyote ya nchi iliyo vitani, lakini ikaadhibiwa kwa safari ya meli nyingine ya tajiri yule yule.

Manahodha walilielewa hilo mapema. Katika mtambo wa kujitambulisha wa meli, pale panapoandikwa jina la bandari iendako, wengine walianza kuandika kwamba hawana uhusiano na Israel, au kwamba mabaharia wote ni Wachina. Ujumbe huo ulisaidia wakati mwingine, lakini si kila mara: Machi 2024 meli ya Huang Pu, inayomilikiwa na Wachina, ilipigwa ingawa Wahouthi walikuwa wamesema hawana nia ya kuzigusa meli za China. Anayechagua shabaha hutegemea orodha za umiliki, na orodha hizo huchelewa kurekebishwa meli inapouzwa. Kwa hiyo bendera isiyo na ugomvi haitoshi kumlinda mtu.

Kuhusu Umoja wa Mataifa, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2722 tarehe 10 Januari 2024, likiwataka Wahouthi wakome na likitambua haki ya nchi kuzilinda meli zao. Nchi 11 ziliunga mkono, na nne, Msumbiji ikiwa mojawapo, hazikupiga upande wowote. Azimio hilo lilizipa serikali uhalali wa kisiasa, na uhalali ni kitu chenye thamani, lakini Baraza halina manowari hata moja. Mwaka 1984 lilipitisha Azimio namba 552 kuhusu meli za Ghuba, na mashambulizi yakaongezeka katika miaka iliyofuata.

Kwa maoni yangu, na wapo wenzangu wanaonipinga, ulinzi uliozaa matunda mengi kwa gharama ndogo katika miaka ya karibuni haukuwa na msafara wa manowari za kigeni. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, Uturuki iliufunga mlango wake wa kuingilia Bahari Nyeusi kwa manowari za nchi zilizo vitani kwa kutumia Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936, na hakuna taifa la nje lililopeleka manowari kusindikiza meli za ngano. Badala yake, Julai 2022, Umoja wa Mataifa na Uturuki wakasimamia makubaliano: meli zifuate njia maalumu, zikaguliwe Istanbul na watu wa pande zote, na Urusi isizishambulie. Takriban tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine zilitoka kwa njia hiyo, nyingine zikafika Kenya na Ethiopia. Urusi ilipojitoa Julai 2023, Ukraine ikafungua njia yake mwenyewe, ikipitisha meli karibu kabisa na pwani za Romania na Bulgaria huku silaha zake zikizisukuma mbali manowari za Urusi. Diplomasia peke yake haikutimiza hata mwaka mmoja. Ila bila ule mwaka wa makubaliano, sidhani kama kampuni za bima zingekubali kurudi. Hata Galaxy Leader, mabaharia wake waliachiwa Januari 2025 na kukabidhiwa kwa Oman, wala hawakukombolewa kwa mtutu.

Nimeitaja bima kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayompa mtu wa kawaida kipimo cha hatari kisicho na siasa. Ada ya bima ya vita kwa safari moja ya Bahari ya Shamu ilipanda kutoka chini ya asilimia 0.1 ya thamani ya meli hadi karibu asilimia 1. Kwa meli ya dola milioni 50, hiyo ni dola nusu milioni kwa siku chache tu, ndiyo maana kampuni kubwa za makontena ziliona afadhali kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuongeza siku 10 hadi 14.

Sasa turudi kwa kijana. Simshauri aikatae kazi, na simshauri aikubali akiwa amefumba macho. Kabla hajasaini, amuulize wakala maswali machache kwa maandishi: nani mmiliki halisi wa meli, meli nyingine za mmiliki huyo zilikwenda bandari gani katika mwaka uliopita, kampuni huomba kusindikizwa inapopita eneo la hatari au hupita tu, na mkataba wa ajira unasema nini kuhusu eneo la vita. Wakala anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu.

Kuhusu kukataa, haki hiyo ipo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia na Liberia pia, unaelekeza, katika sehemu yake ya miongozo, baharia apewe haki ya kurudishwa nyumbani ikiwa meli inaelekea eneo la vita, kama lilivyotafsiriwa na sheria ya nchi au mkataba wake wa ajira, naye hakubali kwenda. Pale ambapo meli iko chini ya makubaliano ya pamoja kati ya waajiri na Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, na eneo limetangazwa rasmi kuwa la vita, anayekubali kwenda hulipwa nyongeza sawa na mshahara wake wa msingi kwa muda wote alio ndani ya eneo hilo, na fidia ya kifo au ulemavu huwa maradufu. Anayekataa hurudishwa kwa gharama ya kampuni. Tatizo ni kwamba meli nyingi hazimo katika makubaliano hayo, na kijana mgeni huogopa kuandikwa jina katika orodha ya wasiotakiwa kazini. Akatae mapema, bandarini, kwa barua yenye tarehe anayobaki na nakala yake. Akingoja hadi meli iko katikati ya bahari, haki yake inabaki kwenye karatasi tu.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Mkataba wake wa ajira usomwe na mtu anayeujua ukurasa kwa ukurasa, si mimi kwa mbali. Akiwa Tanzania Bara aende nao TASAC, shirika la serikali linalosimamia shughuli za meli, ambako pia atathibitisha kama wakala huyo ana leseni ya kuajiri mabaharia. Akiwa Zanzibar aende Mamlaka ya Usafiri Baharini, na kwa Kenya ni Mamlaka ya Bahari. Ikiwa wakala amemwomba fedha ili apate kazi, hapo mwende mara moja, kwa kuwa mkataba ule ule wa mwaka 2006 unakataza jambo hilo. Na kabla hajaondoka akuachie nakala ya mkataba, jina la meli pamoja na namba yake ya kimataifa ya tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata meli ikibadilishiwa jina na bendera, na simu ya ofisi ya kampuni, si ya wakala peke yake. Likitokea la kutokea, hizo ndizo karatasi ambazo ofisi yoyote itakuomba kwanza.